Daftari analo mdaiwa, uthibitisho anaulizwa mdai

Nchini kwetu mtu akienda mahakamani kupinga ubunge wa mtu mwingine, swali la kwanza linalomkabili halihusu kura zilizoibwa, rushwa iliyogawiwa wala kashfa zilizotolewa majukwaani. Linamhusu yeye mwenyewe. Anaulizwa: wewe ni nani hata ukaja hapa? Akijibu kwamba ni mpiga kura wa jimbo hilo, anaambiwa athibitishe. Hapo ndipo shauri lenye uzito wa jimbo zima linapoweza kufia, hata kama mashahidi wake wamekwisha kueleza kila walichokiona na kukisikia.

Hoja yangu ni moja, nami naiweka mezani mapema. Si haki kumbebesha raia mzigo wote wa kuthibitisha kwamba ameandikishwa kupiga kura, ilhali daftari linalothibitisha jambo hilo linatunzwa na Tume ya Uchaguzi, na msimamizi wa uchaguzi aliye mkono wa Tume hiyo jimboni ndiye, mara nyingi, anayeketi upande wa wadaiwa pamoja na Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Mwenye jibu amekaa kimya upande huu wa chumba. Asiye na daftari anahojiwa upande ule. Utaratibu wa namna hiyo hauwezi kuitwa utafutaji wa ukweli.

Kwa nini dirisha hili ni muhimu

Ibara ya 83 ya Katiba yetu imeipa Mahakama Kuu kazi ya kuamua kama mtu alichaguliwa kihalali kuwa mbunge, na asiyeridhika anaweza kukata rufani. Kwa uchaguzi wa Rais mambo ni tofauti kabisa. Ibara ya 41(7) inasema kwamba Tume ikishamtangaza Rais, hakuna mahakama itakayochunguza uchaguzi huo. Tarehe 15 Julai 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yako Arusha, ilitamka kwamba katazo hilo linakiuka Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Ibara hiyo bado imo katika Katiba.

Maana yake ni kwamba katika chaguzi za kitaifa Mtanzania wa Bara anayetaka kumwuliza jaji kama sanduku la kura liliheshimiwa hana mlango wa ikulu. Ana dirisha la bunge tu. Ndiyo maana kila msumari unaopigiliwa kwenye dirisha hilo unastahili kutazamwa kwa makini, hata ukipigiliwa kwa nia njema.

Nani anaruhusiwa kulisogelea? Kifungu cha 111 cha Sheria ya Taifa ya Uchaguzi, iliyotumika mpaka ilipotungwa sheria mpya mwaka 2024, kilitaja makundi manne: mtu aliyepiga kura kihalali au aliyekuwa na haki ya kupiga kura katika uchaguzi unaolalamikiwa, mtu anayedai kwamba alikuwa na haki ya kuteuliwa au kuchaguliwa, mtu anayedai kwamba alikuwa mgombea, na Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Msomaji autazame mpangilio huo. Aliyetajwa kwanza ni mpiga kura. Bunge halikumweka mwishoni kama mgeni aliyejialika arusini. Lilimweka mbele, kwa sababu uchaguzi ni mali yake kabla haujawa mali ya mgombea.

Tena maneno yenyewe ni mapana. Sheria haikusema "aliyepiga kura" ikanyamaza. Iliongeza "au aliyekuwa na haki ya kupiga kura". Aliyefika kituoni akafukuzwa, aliyekuta jina lake limehamishiwa kata nyingine, aliyekosa kupiga kura kwa sababu jimboni kwake alibaki mgombea mmoja akatangazwa kupita bila kupingwa, kama ilivyotokea katika majimbo zaidi ya 20 mwaka 2020, wote hao sheria iliwakumbuka. Hao ndio hasa wasiokuwa na wino kidoleni. Uthibitisho wao pekee ni kuandikishwa kwao. Ukilifanya suala la kuandikishwa kuwa gumu kulithibitisha, unawafungia nje walewale ambao sheria ilitaka waingie.

Arusha, Desemba 2012

Shauri lililolifanya jambo hili kuwa fundisho ni la Arusha Mjini. Katika uchaguzi wa tarehe 31 Oktoba 2010, Godbless Lema wa CHADEMA alitangazwa mshindi dhidi ya Dkt. Batilda Burian wa CCM. Mgombea aliyeshindwa hakufungua shauri. Waliokwenda Mahakama Kuu ni wapiga kura watatu, wakidai kwamba katika kampeni zilitolewa kauli za kumdhalilisha mgombea huyo na kwamba kauli hizo ziliathiri matokeo. Tarehe 5 Aprili 2012 Jaji Gabriel Rwakibarila akakubaliana nao na kutengua ubunge. Tarehe 21 Desemba mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikaurudisha.

Mahakama ya Rufani ilikuwa na sababu mbili kubwa. Kwanza, ilisema kwamba mpiga kura hana haki ya kufungua shauri la uchaguzi isipokuwa pale ambapo haki yake yeye, akiwa mpiga kura, imeingiliwa. Matusi aliyotukanwa mgombea ni ya mgombea kuyalalamikia. Pili, haikuridhika kwamba ushahidi uliokuwa kwenye kumbukumbu za shauri ulithibitisha kwamba watu hao watatu walikuwa wapiga kura walioandikishwa.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Hukumu hiyo ilirudisha bungeni mtu ambaye wananchi wengi walimchagua, na kwa hilo haihitaji kuombewa radhi. Jimbo lilikuwa limekaa zaidi ya miezi minane bila mwakilishi. Mitaa ya Arusha ilishangilia, na wapenda mageuzi nchi nzima walishangilia nayo.

Lakini matokeo ya hukumu ni jambo moja na sababu zake ni jambo jingine. Matokeo yalimhusu mtu mmoja na jimbo moja. Sababu zinabaki vitabuni na kuwafunga wote watakaofuata. Waliokuwa wakishangilia mbunge wao kurudi walikuwa pia wakishangilia kufuli jipya kwenye mlango ambao siku moja wao wenyewe wangeuhitaji. Mkuki kwa nguruwe ni mtamu, kwa binadamu mchungu.

Kufuli hilo halikukaa bila kutumika. Baada ya uchaguzi wa 2015, wapiga kura wa Bunda Mjini walipinga ushindi wa Ester Bulaya dhidi ya Stephen Wasira. Mahakama Kuu ikalitupa shauri lao mwanzoni kabisa kwa hoja kwamba hawakuwa na haki ya kulifungua. Ilibidi waende Mahakama ya Rufani, ambayo iliamuru shauri lirudi likasikilizwe. Liliposikilizwa, walishindwa kwa ushahidi, na mbunge akabaki na kiti chake. Huo ndio mwisho ulio safi: mtu amesikilizwa, hoja zake zimepimwa, zimeonekana pungufu. Mbunge aliyeshinda shauri kwa ushahidi anatembea kifua mbele kuliko aliyeshinda kwa sababu jirani yake hakuweza kuonyesha kadi.

Msomaji ataona kwamba katika mashauri yote mawili kanuni hii ilitumika kuwakinga wabunge wa upinzani. Nayataja kwa makusudi, ili asiwepo wa kusema kwamba ninaipinga kwa kuwa inaumiza upande ninaoupenda. Kanuni haina kadi ya chama. Leo inamkinga huyu, kesho inamkinga yule, na siku zote inayemwacha nje ni mwananchi.

Kadi si uandikishwaji

Kila mwaka ninapofundisha mada hii, mwanafunzi mmoja huuliza swali ambalo mawakili wengi hulipita: "Mwalimu, nikipoteza kadi yangu, mimi bado ni mpiga kura?" Darasa hucheka. Swali lenyewe, hata hivyo, ndilo kiini cha mjadala wote.

Jibu ni ndiyo, bado ni mpiga kura. Mtu anakuwa mpiga kura kwa kuandikwa katika Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, lililoanza kuandaliwa kabla ya uchaguzi wa 2005 na kuingizwa katika mfumo wa kielektroniki wa alama za vidole na picha mwaka 2015. Kadi ni risiti tu ya jambo hilo. Ukipoteza risiti ya ada, chuo hakiwezi kusema hukulipa wakati fedha imo katika vitabu vyake. Kitafungua vitabu.

Tume yenyewe inalijua hili vizuri kuliko mtu yeyote. Katika uchaguzi wa 2020 ilitangaza kwamba mtu aliyepoteza kadi, lakini jina lake limo kwenye daftari, angeweza kupiga kura kwa kuonyesha kitambulisho cha Taifa, pasi ya kusafiria au leseni ya udereva. Kwa nini? Kwa sababu mbele ya karani wa kituo linaloamua ni daftari. Karani anaangalia sura, anaangalia jina, analitafuta kwenye orodha, anakupa karatasi ya kura.

Sasa fikiri. Mtu huyu, bila kadi, ameaminiwa kuchagua Rais wa Jamhuri ya Muungano. Wiki tatu baadaye anaingia mahakamani kulalamika kwamba kura ile haikuhesabiwa vizuri, anaambiwa hajathibitisha kuwa ni mpiga kura. Karani wa kituo alimwamini kwa dakika moja. Mahakama, yenye uwezo wa kuamuru daftari lilelile liletwe, inamwona mgeni. Ama karani alikosea kumruhusu apige kura, ama mahakama inakosea kumkatalia asiseme. Haviwezi kuwa sahihi vyote viwili.

Nani mwenye mzigo, na wa uzito gani

Nitajibiwa kwamba ni kanuni ya kale ya sheria ya ushahidi: anayedai ndiye athibitishe. Sina ugomvi nayo. Lakini Sheria yetu ya Ushahidi haikuishia hapo. Inasema pia kwamba jambo lililo ndani ya ujuzi maalumu wa mtu fulani, mzigo wa kulithibitisha ni wake. Inasema kwamba jambo lililokubaliwa na upande wa pili halihitaji kuthibitishwa. Inatambua kwamba hati ya umma inaweza kuthibitishwa kwa nakala iliyoidhinishwa na ofisi inayoitunza. Na inaruhusu upande mmoja kumpa mwingine notisi ya kuleta hati aliyo nayo. Anayeisoma sheria hiyo kwa ukamilifu ataona kwamba haikumwacha mdai peke yake gizani.

Mahakama zetu zimeweka pia kanuni nyingine, inayojulikana na kila wakili: shahidi akisema jambo la msingi chini ya kiapo, na upande wa pili usimhoji juu ya jambo hilo, unachukuliwa kwamba umelikubali. Mtu akisimama kizimbani akaapa kwamba yeye ni mpiga kura wa kituo fulani, kata fulani, na mawakili wa Serikali, ambao mteja wao ndiye mwenye daftari, wasimwambie "wewe ni mwongo, jina lako halimo", kuna sababu gani ya kutomwamini?

Liko na tatizo la uzito wa ushahidi. Tangu hukumu ya Mbowe dhidi ya Eliufoo ya 1967, mahakama za Tanzania zimeshikilia kwamba madai ya kutengua uchaguzi yathibitishwe bila kuacha shaka ya maana. Ni kipimo kizito, na nakubali kina mantiki: hatuwezi kufuta chaguo la maelfu ya watu kwa uvumi. Lakini kipimo hicho ni cha makosa ya uchaguzi, ni cha rushwa, vitisho na kashfa. Hakikuwekwa kwa ajili ya swali kama raia fulani ameandikishwa Kata ya Kaloleni au la. Swali hilo ni la kiofisi. Linajibiwa kwa kufungua ukurasa. Kulipima kwa mizani ileile ni kutumia nyundo ya mwashi kuvunjia njugu.

Na ikiwa kuna mahali Katiba imezungumza waziwazi juu ya jambo la namna hii, ni ibara ya 107A, inayozielekeza mahakama kutenda haki bila kufungwa kupita kiasi na masharti ya kiufundi yanayoweza kukwamisha haki. Ningependa kusikia jinsi kadi ya karatasi iliyofunikwa plastiki inavyoepuka kuitwa sharti la kiufundi.

Wapo watakaosema

Wapo watakaosema kwamba bila kizuizi hiki mahakama zitafurika. Kila mshabiki aliyenuna baada ya matokeo atakimbilia kwa msajili. Hofu hiyo ilikuwapo pia mwaka 2002, pale Julius Ndyanabo, aliyekuwa amegombea ubunge wa Nkenge, alipopinga sharti la kuweka dhamana ya shilingi milioni 5 kabla shauri lake halijapangiwa tarehe. Jopo la Mahakama ya Rufani likiongozwa na Jaji Mkuu Barnabas Samatta lilisema sharti hilo, kwa jinsi lilivyokuwa, lilikiuka Katiba kwa kuwazuia wasio na uwezo kufika mbele ya sheria. Sheria ikarekebishwa ili mahakama iweze kupanga kiwango cha dhamana na kumsamehe asiyeweza. Mafuriko hayakutokea. Kufungua shauri la uchaguzi bado ni gharama, ni muda, na ni kujiweka hadharani katika mji unaoishi. Watu hawalifanyi kwa burudani.

Wapo watakaosema kwamba wapiga kura hutumiwa kama ngao na wagombea walioshindwa, ili wao wakwepe gharama na aibu. Hili lina ukweli, na sioni faida ya kulificha. Lakini dawa ya ngao si kuuliza kadi. Ngao anaweza kuwa na kadi safi mfukoni, mpya kabisa. Ukitaka kujua nani yuko nyuma ya shauri, mwulize chini ya kiapo. Ukiona ametumwa kwa hila, mtoze gharama. Kadi haikuambii lolote juu ya nia ya mtu.

Tena tuigeuze hoja hiyo. Tumeona katika nchi hii wagombea na hata wabunge wakihama chama baada ya uchaguzi, tena wakihamia kwa waliokuwa wakiwatuhumu. Mgombea aliyeibiwa kura leo anaweza kesho kupewa cheo na mwizi wake, akasahau. Wapiga kura elfu thelathini waliompa kura hawakupewa cheo. Kama mgombea ndiye peke yake mwenye sauti, basi kumnyamazisha mtu mmoja kunatosha kuunyamazisha uchaguzi mzima. Mpiga kura ni bima dhidi ya biashara hiyo.

Wapo pia watakaotaja majirani. Uganda imeweka sharti kwamba mpiga kura asiyekuwa mgombea aungwe mkono na saini za wapiga kura wasiopungua 500 wa jimbo hilo. Silipendi sharti hilo. Nalo limezaa mabishano yake juu ya nani kati ya hao 500 ameandikishwa kweli. Lakini lina fadhila moja: limeandikwa wazi katika sheria, kila mtu analijua kabla hajaanza safari. Kwetu Bunge liliandika mlango mpana, kisha upana wake ukapunguzwa hukumuni. Raia anayeisoma sheria anadhani anaruhusiwa. Anapofika rufani, baada ya miaka miwili na gharama tele, ndipo anaambiwa hakuwa na haki ya kuanza.

Haki ya mpiga kura imeingiliwa lini?

Siwezi kuliacha jambo la kwanza la hukumu ya Arusha bila kuligusa, kwa kuwa limeshikana na hili la uandikishwaji kama kucha na kidole. Tukisema mpiga kura alalamike pale tu haki yake binafsi inapoingiliwa, tunaichukulia kura kama shamba lenye mipaka: hili langu, hilo lako. Lakini kura haina thamani peke yake. Kura yangu moja ina maana kwa sababu itajumlishwa na za wenzangu katika hesabu ya kweli. Masanduku ya kata ya jirani yakijazwa kura za bandia, kura yangu haijaguswa, imehesabiwa vizuri kabisa. Ila imefanywa bure. Nani atasema haki yangu haikuingiliwa?

Jaji Kahwa Lugakingira, katika shauri la Mchungaji Christopher Mtikila la miaka ya 1990 mapema, aliisoma ibara ya 26(2) ya Katiba kwamba inampa kila mtu haki ya kuchukua hatua za kisheria kuhakikisha hifadhi ya Katiba na sheria za nchi, bila kulazimika kuonyesha kwamba yeye ameumia kuliko wengine. Ikiwa raia anaweza kwenda mahakamani kwa niaba ya Katiba nzima, ni vigumu kuelewa kwa nini asiweze kwenda kwa niaba ya uchaguzi wa jimbo lake mwenyewe.

Kifanyike nini

Bunge lilipotunga Sheria ya Uchaguzi wa Rais, Wabunge na Madiwani mwaka 2024, mjadala ulitawaliwa na muundo wa Tume na nani asimamie uchaguzi majimboni. Ulikuwa mjadala wa lazima. Lakini swali la jinsi mpiga kura atakavyothibitisha kwamba ni mpiga kura halikupewa uzito wake, ingawa daftari sasa lina majina zaidi ya milioni 37. Napendekeza mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji fedha nyingi.

La kwanza, mlalamikaji akishataja kwenye hati yake jina kamili, namba ya kadi kama anayo, na kituo alichoandikishwa, na akaapa, hiyo itoshe kuwa ushahidi wa awali. La pili, Tume ilazimike kujibu kwa kiapo ndani ya siku chache zilizowekwa: jina limo au halimo. Ikikaa kimya, ihesabiwe imekubali. La tatu, suala hilo liamuliwe mwanzoni, kabla ya mashahidi, na likishaamuliwa lisifufuliwe rufani kana kwamba ni jipya. La nne, kila mwananchi aweze kupata nakala iliyoidhinishwa ya taarifa zake mwenyewe katika daftari, kabla na baada ya uchaguzi, bila kuombaomba.

Mpaka hayo yafanyike, wanaharakati na mawakili vijana wasiende vitani mikono mitupu. Piga picha ya kadi yako, andika namba yake mahali pengine. Ukiipoteza, toa taarifa polisi. Ukifungua shauri, leta kadi halisi, usitegemee nakala ya mashine. Kama huna kadi halisi, mpe mdaiwa notisi ya kuleta daftari mapema, na uombe jaji aandike kwenye kumbukumbu jambo lisilobishaniwa kwamba wewe ni mpiga kura. Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Ninachopinga ni kuinamishwa na mtu aliyekalia kitanda.

Na ninyi watumishi wa umma mnaosoma makala hii, baadhi yenu mtakuwa wasimamizi wa uchaguzi, wengine mawakili wa Serikali. Siku mtakapoketi upande wa wadaiwa na raia akasema ameandikishwa katika kituo chenu, mtakuwa mnajua kama anasema kweli. Kumwachia asote akitafuta karatasi ambayo nakala yake mnayo ni kushinda shauri, sikatai. Lakini mshahara wenu hulipwa na huyo anayesota, na daftari mnalolishika limejaa majina yao, si yenu.